Msomaji Aitwaye Hazel: Mwongozo wa Kuisoma Riwaya ya Huzuni Mpaka Iwe Yako

Hazel Grace Lancaster ana umri wa miaka 16, anaishi Indianapolis, Marekani, na kila aendako huburuta mtungi wa oksijeni. Saratani iliyoanzia kwenye tezi ya thairoidi, shingoni, imeshaingia kwenye mapafu. Wengi humkumbuka kwa mapenzi yake na Augustus Waters, kijana wa miaka 17, mcheza mpira wa kikapu wa zamani aliyekatwa mguu kwa saratani ya mifupa. Lakini kuna jambo jingine juu yake linalosahaulika upesi: Hazel ni msomaji. Ana riwaya moja anayoipenda kupita zote, kisa cha msichana mgonjwa kama yeye, na ameirudia mara nyingi mpaka imekuwa sehemu ya maisha yake.

Kwa hiyo The Fault in Our Stars, riwaya ya John Green iliyotoka Januari 2012, ni kitabu cha huzuni kinachomhusu binti anayeishi na kitabu cha huzuni. Msomaji anayetaka riwaya hii imguse yeye binafsi, isimtoe machozi tu kisha isahaulike, ana mwalimu humo humo ndani. Amfuate Hazel, atazame alipopatia na alipokosea.

Mwongozo huu unakieleza kisa mpaka mwisho. Asiyependa kujua nani anakufa, akisome kwanza kitabu chenyewe.

Tenganisha kweli na ubunifu

Green amefungua kitabu kwa maelezo mafupi yanayosisitiza kwamba hii ni hadithi ya kubuni. Amewaomba wasomaji wasichokonoe kutafuta watu halisi nyuma ya wahusika. Phalanxifor, dawa inayomrefushia Hazel maisha, haipo katika duka lolote la dawa. Mwandishi mwenyewe ameeleza hivyo mwishoni mwa kitabu. Hata riwaya anayoipenda Hazel, An Imperial Affliction, haipo, wala mwandishi wake Peter Van Houten hajapata kuzaliwa.

Lakini ukurasa wa tabaruku una jina la mtu wa kweli: Esther Earl. Esther alikuwa binti wa Kimarekani aliyegundulika kuwa na saratani ya thairoidi akiwa na miaka 12. Alifahamiana na Green mwaka 2009, wakawa marafiki, na akafariki tarehe 25 Agosti 2010, wiki chache baada ya kutimiza miaka 16. Miaka mingi kabla ya hapo, Green akiwa kijana mwenye nia ya kuwa kasisi, alifanya kazi kwa miezi kadhaa ya kuwafariji wagonjwa na familia zao katika hospitali ya watoto jijini Columbus, Ohio. Nia ya ukasisi aliiacha, lakini watoto aliowaona pale hawakumtoka akilini.

Pamoja na hayo, Green amesema mara kadhaa kwamba Hazel si Esther. Tabia zao ni tofauti. Kilichotoka kwa Esther ni hamu ya kuandika na ujasiri wa kumwonyesha kijana mgonjwa akiwa mtu kamili, mwenye hasira, utani na tamaa zake.

Hapo msomaji anapata kanuni yake ya kwanza. Kama mwandishi hakumgeuza rafiki yake kuwa mhusika mzima mzima, msomaji naye asijilazimishe kusema Hazel ni yeye, au Augustus ni kaka yake. Afadhali atafute pale walipofanana kidogo, apaangalie vizuri, na aache sehemu nyingine zibaki za Hazel.

Anza na kitu kidogo

Wengi wakiulizwa kilichowagusa hukimbilia kifo cha Augustus. Kifo ni kikubwa mno kuanzia. Mbele yake kila mtu husema maneno yaleyale. Kianzio kizuri ni tukio dogo lenye vitu vya kushikika.

Mfano ni ngazi za nyumba ya Anne Frank jijini Amsterdam. Nyumba hiyo ipo kweli. Ni jumba la makumbusho tangu mwaka 1960, na ngazi za kupandia kule nyuma ilikojificha familia ya Anne ni nyembamba na zimesimama wima. Hazel anaamua kuzipanda. Mapafu yamejaa maji mara kadhaa, mrija wa oksijeni uko puani, macho yanaanza kuingia giza, na nyuma yake watu wanasubiri. Anapanda tu. Juu kabisa, mbele ya wageni wasiomjua, anambusu Augustus kwa mara ya kwanza.

Msomaji ambaye hajawahi kufika Amsterdam anaweza kuzijua ngazi hizo vizuri sana. Aliyewahi kumshika mkono mama yake mgonjwa kupanda ghorofa ya tatu ya hospitali kwa sababu lifti imeharibika, anazijua. Anajua kupumzika kila baada ya vidato vitatu, na aibu ya mgonjwa anapoona amezuia njia ya wenye haraka. Anamjua pia yule muuguzi anayepita akisema pole bila kusimama.

Njia ya kulifanya hili ni rahisi. Soma ukiwa na penseli. Kila unapojikuta umepunguza mwendo, weka alama pembeni. Ukimaliza sura, rudi kwenye alama hizo na uandike kando ya kila moja jina la mtu au mahali: shangazi, wodi fulani, basi la alfajiri la kwenda kliniki. Maoni yako kuhusu mtindo wa mwandishi yasubiri. Kama kitabu ni cha kuazima, tumia vipande vya karatasi. Baada ya sura tano au sita utaona majina fulani yanajirudia, na hao ndio watu ambao kitabu kimekukumbusha bila wewe kutarajia.

Lichunguze swali lako

Sehemu hii ndiyo moyo wa mwongozo wote, na hapa Hazel anafundisha kwa kosa lake.

An Imperial Affliction inaishia katikati ya sentensi. Hazel anaelewa sababu: Anna, msichana anayesimulia, ama amekufa ama amezidiwa hawezi tena kuandika. Kinachomsumbua ni waliobaki. Mama yake Anna alikuwaje baada ya hapo? Yule Mdachi wa maua ya tulipu aliyekuwa na uhusiano na mama huyo alikuwa mtu mwema au tapeli? Na hamsta wa Anna, mnyama mdogo wa kufugwa, alichukuliwa na nani? Hazel amemwandikia Van Houten barua nyingi bila kujibiwa. Augustus anafaulu kuwasiliana na mwandishi huyo kupitia msaidizi wake, kisha anaitumia zawadi aliyotengewa na shirika la kutimiza ndoto za watoto wagonjwa ili yeye, Hazel na mama yake Hazel waende Amsterdam kuuliza ana kwa ana.

Wanamkuta mlevi. Van Houten anawadhihaki, anawaambia kwamba hadithi ikiisha wahusika nao wameisha, na Hazel kwa hasira anamgonga mkono wenye glasi ya pombe. Safari ya ndege, pesa na matumaini ya miaka vinaishia mlangoni.

Msomaji atulie hapo na ajiulize: katika maswali yote, kwa nini Hazel ameng'ang'ania la mama yake Anna? Jibu liko nyuma, katika kumbukumbu ya siku alipokuwa mahututi. Akidhaniwa hasikii, alimsikia mama yake akilia kwamba umama wake unafika mwisho. Tangu siku hiyo Hazel amebeba hofu kwamba akifa, mama naye hatakuwa na maisha. Karibu na mwisho wa kitabu ndipo anapogundua kwamba mama amekuwa akisoma masomo ya ustawi wa jamii kimyakimya, ili siku moja azisaidie familia nyingine zenye wagonjwa. Alificha kwa kuogopa binti asidhani kwamba ameshaanza kumpangia maisha ya baada yake. Hazel haumii kusikia hivyo, anafurahi sana. Jibu alilolifuata ng'ambo ya bahari lilikuwa nyumbani kwao, mezani kwa mama yake.

Zoezi linalotoka hapa linafaa kwa riwaya yoyote ya aina hii. Andika swali moja ambalo kitabu kimekuachia. Halafu futa jina la mhusika na uweke la mtu wako. "Wazazi wa Augustus wataishije?" linaweza kugeuka kuwa "Baba anaishije tangu mama aondoke?" Swali likishageuka hivyo, huenda ukaona kwamba mtu wa kulijibu yupo chumba cha pili, na hajawahi kuulizwa.

Muulize. Chagua wakati ambao mikono yake ina kazi nyepesi, anachambua mchele au mnatembea kwenda dukani, wala si mbele ya wageni. Akijibu kwa neno moja, mwache. Aliyeulizwa mara moja kwa upole hurudi mwenyewe kwenye mazungumzo siku nyingine.

Mfuate mhusika asiye katikati

Si kila msomaji atakutana na nafsi yake kwa Hazel au Augustus. Isaac, rafiki yao, anaondolewa jicho lililobaki kwa sababu ya saratani na kuwa kipofu. Kabla ya upasuaji, mpenzi wake Monica, waliyekuwa wakiapiana kudumu daima, anamwacha. Augustus hamhubirii. Anampa vikombe vyake vya ushindi wa mpira wa kikapu avivunje kimoja kimoja sakafuni mpaka hasira imtoke. Kijana aliyeachwa katika kipindi kigumu ataielewa sura hiyo hata kama hajawahi kulazwa hospitali maishani mwake.

Wazazi nao wasomeke kwa makini. Baba yake Hazel analia ovyo na haoni haya. Mama anasherehekea kila sikukuu, hata zile ndogo ambazo majirani hawazikumbuki. Msomaji mtu mzima anayeisoma riwaya hii kwa sababu mwanawe ameipenda huenda akajiona kwao.

Kuna pia usiku wa kituo cha mafuta. Augustus, ambaye ugonjwa umemrudia kwa nguvu, ameendesha gari peke yake kwenda kununua sigara ambazo hata havuti, ili tu afanye jambo moja kwa mkono wake. Mrija wa kulishia tumboni umeharibika na kupata maambukizi, amejitapikia, anamsihi Hazel asiite gari la wagonjwa. Hazel analiita. Waliowahi kuuguza watajua kwa nini ukurasa huo unauma kuliko wa mazishi. Mgonjwa amenyang'anywa hadhi aliyokuwa akiipigania, na anayempenda ndiye amelazimika kushiriki.

Tofauti zisifichwe

Msomaji wa Morogoro, Kisumu au Bujumbura atakutana na mengi yasiyofanana na kwake. Oksijeni ya Hazel iko nyumbani, mashine ya kumsaidia kupumua usiku iko kando ya kitanda, na bili za hospitali hazitajwi sana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, lakini katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Pengo hilo linatokana na mambo yanayojulikana: ugonjwa kuchelewa kutambuliwa, dawa kukosekana, familia kushindwa gharama na kuacha matibabu njiani. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wenye lengo la kufikisha uponaji wa asilimia 60 ifikapo mwaka 2030.

Ugonjwa wenyewe pia waweza kuwa mwingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Binti mwenye selimundu anayekosa shule wiki nzima kwa maumivu ya mifupa, kisha akarudi na kukuta marafiki wamezoea kutokuwepo kwake, atamwelewa Hazel aliyeondolewa shule na kubaki nyumbani na mama. Kijana anayemeza dawa za kufubaza VVU tangu utotoni ataielewa hofu ya kupendwa na mtu ambaye siku moja utamuumiza kwa kuugua. Hazel alikuwa na hofu hiyohiyo, na alianza kwa kumkwepa Augustus.

Wahindi walionyesha jinsi tofauti inavyoweza kuwa mlango. Filamu ya Marekani iliyotokana na riwaya hii ilitoka mwaka 2014. Filamu ya Kihindi ya kisa hicho, Dil Bechara, ikafuata Julai 2020, na ilikuwa filamu ya mwisho ya mwigizaji Sushant Singh Rajput, aliyefariki mwezi mmoja kabla haijatoka. Kisa kimehamishiwa mji wa Jamshedpur, safari ni ya Paris, na badala ya riwaya isiyokamilika kuna wimbo usiokamilika na mwanamuziki anayeulizwa sababu. Msomaji naye ajaribu. Kama kisa kingetokea mtaani kwake, kitu kisichokamilika kingekuwa nini? Kaswida? Nyumba iliyoishia kwenye msingi? Jibu litamwonyesha anachokithamini yeye.

Jina la kitabu nalo lina njia yake ya kufika kwetu. Limetokana na maneno ya Cassius kwa Brutus katika Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1963, kisha ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Cassius anamshawishi mwenzake kwamba unyonge wao wameuleta wenyewe, nyota hazina lawama. Riwaya inapinga: kuna mabaya yanayompata mtu ambayo hakuyatenda wala hakuyastahili. Katika nyumba ambako mgonjwa bado huulizwa amekosea wapi, au jirani gani kamroga, hoja hiyo inastahili kusomwa kwa sauti.

Soma na mtu mmoja

Hazel na Augustus wanaanza uhusiano wao kwa kubadilishana vitabu. Hazel anampa Augustus An Imperial Affliction. Augustus naye anampa riwaya ya vita iliyotokana na mchezo wa kompyuta. Kila mmoja anasoma cha mwenzake kwa uaminifu, ingawa si ladha yake. Fanya hivyo. Usimwambie rafiki "soma hiki kitakuliza", mpe kitabu na uchukue chake.

Mkikutana, maswali machache ya wazi yanatosha:

- Ni ukurasa gani ulikufanya ukifunge kitabu kidogo, na ulikuwa unamfikiria nani?
- Nani katika kitabu hiki angekukera kama mngeishi nyumba moja?
- Mlipomtembelea mgonjwa mara ya mwisho, ni neno gani lilisemwa ambalo Hazel asingelipenda?
- Ni jambo gani wazazi wa Hazel walilifanya ambalo kwenu lisingewezekana?

Mwalimu anayeitumia riwaya hii darasani asimlazimishe mwanafunzi kusimulia msiba wake. Ampe nafasi ya kuandika karatasi ambayo haisomwi na mtu mwingine.

Nani aahirishe

Aliyefiwa karibuni hana haja ya kujipima kwa kitabu hiki. Akikianza na kuona usingizi unamkimbia au hamu ya kula imekata kwa siku kadhaa, akiweke na azungumze na mtu anayemwamini, mshauri nasaha au muuguzi. Kitabu kitamsubiri.

Mgonjwa naye asipelekewe riwaya hii kama zawadi ya kumjulia hali bila kuulizwa. Kijana aliye wodini anaweza kutamani hadithi ya mpira au ya majini. Pia ajue, kama atakisoma, kwamba ugonjwa wa Hazel si kipimo cha wake: vijana wengi wanaougua saratani ya thairoidi hupona.

Andika wakati masikio yanasikia

Zikiwa zimebaki siku chache kabla hajafa, Augustus anawaita Hazel na Isaac kanisani wamsomee hotuba za mazishi yake mwenyewe angali hai. Wanazisoma, wanacheka, wanalia. Siku ya mazishi ya kweli Hazel anasema mengine kabisa, kwa ajili ya wafiwa, kwa kuwa yale ya moyoni yalishamfikia mwenyewe.

Zoezi la mwisho ni hilo. Andika ukurasa mmoja kwa mtu aliye hai ambaye jina lake limejirudia kwenye alama zako za penseli. Taja mambo matatu aliyoyafanya, yenye mahali na wakati. Umsomee, au umtumie kwa simu. Kama mtu huyo ameshatangulia, msomee aliyemuuguza.

Anayetaka kuendelea ana njia tatu. This Star Won't Go Out, kilichotoka mwaka 2014, kimekusanya shajara, barua na michoro ya Esther Earl mwenyewe, na kinamfaa aliyetaka kujua msichana halisi alikuwaje. Anayependa Kiswahili na yuko tayari kwa riwaya nzito ya watu wazima achukue Ua la Faraja ya William Mkufya, inayoingia ndani ya familia zilizoguswa na UKIMWI. Na mwaka 2025 Green alitoa Everything Is Tuberculosis, kitabu cha mambo ya kweli kuhusu kifua kikuu. Katikati yake yupo Henry Reider, kijana wa Sierra Leone ambaye Green alipokutana naye hospitalini mwaka 2019 alimdhania mtoto wa miaka tisa, kumbe ana 17. Henry alipata dawa zilizomfaa, akapona, akaingia chuo kikuu.